Kizibo cha Ngazi ya Tatu

Janine alikuja saa tatu asubuhi amevaa viatu vyeupe, nikajua kabla hajafungua mdomo kwamba hakuja kufanya kazi. Alisimama kwenye njia ya ukingoni, mikono mfukoni, akaikagua boti yangu kuanzia mbele hadi nyuma kama mtu aliyeletewa gari bovu alinunue.

"Umelala vizuri, Mama?"

"Nimelala kama mtu aliyelala kwake. Chai ipo. Au chai nayo inahesabika kuwa msaada?"

"Chai siyo msaada."

"Basi ingia. Na hivyo viatu uvue, sakafu nimeipiga deki."

Akaingia, akanywa, akaangalia saa. Janine ni binti yangu wa pekee. Ana miaka arobaini na tisa, anasimamia mapokezi ya kliniki ya meno mjini, na tangu utotoni mambo anayapenda yakiwa yameandikwa. Mimi ni Avril, nina sabini na nne, na mambo ninayapenda yakiwa yameachwa yalivyo. Mezani kati yetu palikuwa na fomu.

Boti inaitwa Dunnock, jina la kindege cha kahawia ambacho hakuna mtu anayekigeukia. Marehemu mume wangu, Norman, alilichagua kwa sababu alichoka kuona kila boti kwenye mfereji huu imeitwa malkia au mwewe. Urefu wake futi hamsini na saba, upana futi saba kasoro; ukinyoosha mikono ndani, karibu uguse kuta zote mbili. Tulipouza nyumba tukainunua, Janine alikuwa na miaka kumi na minane, akasema tumeuza chumba chake. Ilikuwa kweli. Norman alifia humu, kwenye kitanda cha nyuma, bila kumsumbua mtu, na mimi nilikusudia kufanya vivyo hivyo wakati wangu ukifika.

Lakini mwezi wa tatu niliteleza kwenye barafu hapo nje, nikavunjika kifundo cha mkono. Wiki sita mkono ulikuwa kwenye plasta. Watu wa mferejini walinijazia makaa, wakanichotea maji, na mmoja akanisogezea boti mpaka mahali pa kumwagia choo bila hata kuombwa. Janine hayo hakuyaona. Yeye aliona plasta. Akaandikisha jina langu Larchfield Court, makao ya wazee, na mwezi huu wa tisa nafasi ikapatikana: ghorofa ya kwanza, chumba na jiko, zulia rangi ya uji, na kitufe cha kuning'iniza shingoni ili ukianguka ubonyeze mtu aje. Fomu ilitakiwa irudi Jumatatu.

Makubaliano yetu yalikuwa haya. Niipandishe Dunnock peke yangu ngazi tano za Hobley, zile za malango zinazoinua boti kutoka maji ya chini hadi ya juu, mchana mmoja, na yeye atembee kando bila kugusa kitu wala kuniambia neno kuhusu kazi. Nikifika juu kabla ya saa kumi na mbili, bila kosa, fomu anaichana na habari hiyo haitajwi tena. Nikikosea, au nikiomba mkono wa mtu, naweka sahihi na Dunnock inauzwa. Nilimkubalia siku ambayo mvua ilikuwa haijakatika kwa wiki nzima na mkono unauma. Nilitoa neno langu, nami si mtu wa kutoa neno ovyo, na hilo ndilo lililokuwa likinikera tangu nilipoamka.

Nikawasha injini. Ni injini ya zamani, inapiga taratibu, na ukisimama nyuma umeshika usukani unaisikia kwenye nyayo. Nikafungua kamba, nikazikunja, nikang'oa vigingi viwili nikavihesabu kwa sauti, maana nilijua anavihesabu. Tukaondoka, mimi majini, yeye nchi kavu. Kwa kuwa boti kama hii haimpiti mtu anayetembea bila haraka, tulikwenda sambamba asubuhi nzima kama wachumba waliokosana.

Wapo wanaosema huu ni mwendo wa wazee. Waseme. Ukiongeza kasi unaleta mawimbi yanayokula kingo na kuwamwagia chai watu wa boti zilizofungwa kando. Tulipita boti kumi na moja, na kwa kila moja nilipunguza mpaka injini ikawa inanong'ona. Kwenye ya sita kulikuwa na bwana anayesugua shaba za dirisha lake. Aliinua kichwa kutafuta sababu ya kukasirika, hakuipata, akarudi kwenye shaba. Chini ya miti wavuvi walikuwa wamekalia ndoo zao, fimbo zimekatiza mfereji ukingo hadi ukingo. Waliziinua dakika ya mwisho kabisa, kwa dharau, kama wanavyofanya siku zote.

"Bibie, una leseni ya kupitisha treni hapa?" mmoja akaniuliza.

"Ninayo. Wewe una ya kukalia ndoo?"

Wenzake wakamcheka. Janine hakucheka. Alikuwa anasoma simu yake huku anatembea, akakanyaga upupu, akasema neno ambalo sikumfundisha mimi.

Jua lilikuwa limetoka, lile la mwezi wa tisa lisilo na nguvu lakini lenye nia njema. Matunda meusi ya miiba yalikuwa yameiva ukingoni, nami nikapitisha boti karibu nayo makusudi, nikachuma kwa mkono mmoja na kuendesha kwa mwingine. Korongo mmoja alikuwa anaturukia mbele hatua mia, anatua, anatungoja, anachukia, anaruka tena. Nilikata keki nikala. Nilikuwa na siku nzima na ngazi tano tu, na kama mtu anataka kuona nikikimbia, angekwenda kutazama mashindano ya farasi.

"Mama, ni saa tano."

"Asante. Nilidhani ni Jumanne."

Kwenye ngazi ya kwanza tulikuta boti ya kukodi imetutangulia, imejaa wanaume sita wenye kofia za maharamia. Mmoja wao anaoa wiki ijayo, wenzake wamemleta kumfariji. Walikuwa wamemaliza kupanda, wanatoka kwa shangwe, na nyuma yao kizibo kimoja cha juu, kile kifuniko cha tundu la maji langoni, kimeachwa wazi, maji yanaingia ngazini yenyewe.

"Kizibo!" nikapaza sauti. "Nyie mabaharia! Kizibo!"

Mmoja akarudi mbio, kofia ikadondoka majini, akakishusha.

"Samahani, mama. Ni siku yetu ya kwanza."

"Mimi nimefanya hivyo siku yangu ya elfu kumi. Nenda kaokote kofia yako."

Nikaingia kwenye kazi yangu. Kila ngazi ni chumba cha matofali kilichochimbwa, chembamba, kinaitosha boti moja tu, kina malango mbele na nyuma. Unaiingiza boti chini, unafunga malango nyuma yake. Unapanda ngazi ya chuma ukutani ukiwa na kamba na hendeli yako. Unachomeka hendeli, unazungusha, vizibo vya juu vinanyanyuka meno kwa meno, maji yanaingia, boti inapanda polepole mpaka inakuwa sawa na majani ya ukingoni. Halafu unaisukuma boriti ya lango kwa makalio, si kwa mikono, na hapo ndipo vijana wenye misuli wanapoaibika mbele ya vikongwe. Maji yalipokuwa yakijaa nilikaa juu ya boriti nikala tofaa. Janine alikaa kwenye benchi akaandika kitu kwenye simu. Sikumwuliza ni nini.

Ya kwanza nikaipita, na ya pili pia. Mkono ulikuwa unauma kidogo, sikuujali. Maharamia walikuwa wameshatokomea mbele.

Ngazi ya tatu ina tabia yake. Ukuta wake mmoja unavuja, na maji yakikaa humo yanakwenda kulowesha malisho ya mtu upande wa pili. Kwa hiyo kuna kibao: ukimaliza kupanda, iache tupu. Maana yake unatoa boti, unafunga lango la juu, unashusha vizibo vyote viwili vya juu, kisha unakwenda mwisho wa chini unainua kizibo kimoja ili chumba kimwagike chenyewe. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi kuliko nilivyopika viazi.

Nilikuwa nimeshafunga lango na kushusha kizibo cha upande wangu Janine aliposema, "Wana bustani, unajua. Larchfield. Kila mtu anapewa kipande chake apande anachotaka."

"Kipande kikubwa kiasi gani?"

"Kama... kama hiyo meza yako."

"Hiyo siyo bustani, Janine. Hilo ni kaburi la paka."

"Mama, ninajaribu kuzungumza."

"Makubaliano usizungumze."

"Kuhusu kazi! Makubaliano ni kuhusu kazi. Bustani siyo kazi."

Nikaondoka kabla sijasema la kujutia. Nikashuka mpaka mwisho wa chini, nikainua kizibo nikasikia maji yanaondoka, nikarudi botini kichwa kikichemka. Kati ya ngazi ya tatu na ya nne kuna kidimbwi kipana, kifupi, chenye matete, mahali pazuri pa kula. Nikafunga boti hapo, nikamwita ndani. Nilikuwa nimekasirika, lakini nani anakula mbele ya binti yake bila kumkaribisha?

Tukala mkate wa jibini na achari, na pai ya nguruwe nikaikata katikati. Alikaa pale alipokuwa akikaa baba yake. Kwa muda hatukugombana. Aliniuliza kama Selwyn, jirani yangu wa mferejini, bado yuko na yule mbwa wake, nikamwambia yupo, mbwa ameota mvi. Kisha akaweka kisu chini.

"Mama, unaogopa nini kule?"

"Siogopi. Sitaki. Ni vitu viwili tofauti."

"Basi mimi ninaogopa." Alisema bila kunitazama. "Simu ikilia kabla ya saa moja asubuhi, kabla sijaishika, nimeshakuona umekutwa majini. Kila mara. Inakuwa ni mtu wa kazini anaumwa mafua, na mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda natetemeka."

Sikujua hilo. Ningependa kusema nilimjibu vizuri. Nilimwambia kwamba watu wanakutwa wamekufa bafuni, kwenye mazulia rangi ya uji, kila siku ya Mungu, na hakuna anayeogopa mazulia. Nikanyoosha mkono nichukue kikombe changu na kuona kwamba chai ndani yake imelala upande.

Nikaitazama. Sahani ya pai ikaanza kutembea mezani, taratibu, ikaelekea kwa Janine kana kwamba inamkaribisha. Kisu kikabingirika kikaanguka. Kabati la juu likafunguka lenyewe.

"Mama?"

Nilikuwa nimeshatoka nje. Maji hayakuwepo. Palikuwa na mkondo mwembamba katikati, na mabata wawili wanatembea kwa miguu pale ambapo nusu saa iliyopita waliogelea. Dunnock ilikuwa imekaa juu ya tope, imeinama upande, kamba zimekazwa mpaka zinalia. Baiskeli ya mtu ilikuwa imetokeza tumboni mwa mfereji. Nikalegeza kamba haraka zisije zikang'oa kitu, nikachukua hendeli, nikarudi ngazi ya tatu kwa mwendo ambao daktari hakuniruhusu.

Kizibo cha juu cha upande wa pili kilikuwa wazi. Kile cha upande wangu nilikishusha. Cha pili kinataka uvuke juu ya lango, nami sikuvuka. Na kule chini kizibo nilichokiinua kwa utiifu, kama kibao kinavyotaka, kilikuwa wazi vilevile. Maji ya kidimbwi kizima yaliingia huku yakatokea huku, kama beseni lililotolewa kizuizi. Nikavuka, nikakishusha. Nikashuka, nikakishusha na kile. Halafu nikasimama nimeshika hendeli, nikakitazama kibao.

Janine alikuja nyuma yangu, viatu vyake havikuwa vyeupe tena.

Tuliporudi botini, Selwyn alikuwa anatushukia kutoka ngazi ya nne, hendeli begani, mbwa nyuma yake amevalishwa jaketi la kuokolea. Boti yake alikuwa ameiacha juu, anangoja kushuka. Ni mtu mnene, mpole, anaishi peke yake na amekuwa akinitengenezea kofia za bati za bomba la moshi tangu Norman afe.

"Bi Avril," akasema, akikitazama kidimbwi. "Ulikuwa na kiu?"

"Kubwa."

"Nimepishana na vijana wenye kofia za maharamia huko juu. Mmoja kalala juu ya paa, mwingine anaendesha kwa goti. Hao ndio waliokuachia kizibo, nakwambia. Watu wa kukodi, siku yao ya kwanza hawajui hata mbele ni wapi."

Nikafungua mdomo, Janine akaniwahi.

"Ndiyo," akasema upesi. "Watakuwa wao."

Nikamtazama. Alikuwa anatazama tope.

Sasa sikiliza. Ilikuwa ni saa nane kasoro. Wokovu wangu wote ulikuwa hapo, umeletwa mlangoni na watu wawili bila mimi kutia jasho. Maharamia walikuwa mbali, hawanijui, hawataulizwa. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, nami nibaki kwangu, kwenye kitanda alichofia mume wangu, mpaka siku zangu ziishe. Nilinyamaza pia. Sijui kwa muda gani, labda wa kuhesabu hadi kumi. Niliona aibu za aina mbili zinagombana, moja ya kukosea na nyingine ya kujificha nyuma ya kijana anayeoa wiki ijayo, na hii ya pili ilikuwa inanuka zaidi ya tope.

"Ni mimi," nikasema. "Wao walinitangulia, wa mwisho kupita pale ni mimi. Kizibo cha upande wa pili. Nimekisahau."

"Aa." Selwyn akakuna kidevu. "Basi karibu. Mimi nilikikausha kidimbwi cha pale kiwandani, boti za mashindano zote tisa zimefungwa humo. Mpaka leo sipiti pale bila kushusha kofia usoni."

"Inua vizibo vya chini, Selwyn, mimi nainua vya juu. Huko juu kuna maji ya maili tatu, hayatapungua hata unene wa kidole."

"Mama," Janine akasema. "Mama, ukimwomba msaada..."

"Nimesikia nilivyosema. Nimemwomba msaada."

Tukaifungua ngazi ya nne juu na chini, maji yakaanza kuteremka kidimbwini kwa kelele. Kazi hiyo haina haraka, unaweza kuipa dakika arobaini au zaidi. Selwyn, ambaye ana akili kuliko tumbo lake, akasema mbwa anataka kutembea. Tukabaki wawili, Janine na mimi, tumesimama ukingoni tukiangalia maji yanavyorudi na kuifunika ile baiskeli.

"Nilikiona," Janine akasema.

"Ulikiona nini?"

"Kizibo. Ulipoondoka umekasirika. Nilikiona kiko juu."

Nilimsikia vizuri, lakini nilimwacha aseme tena.

"Nilikiona, Mama. Nilijua. Siyo kwamba nilijua kitatokea nini, ila nilijua hakipaswi kuwa juu. Nikajiambia tulikubaliana nisiseme. Nikakaa nikala pai yako." Akaanza kulia, kwa hasira, kama anavyolia tangu utotoni. "Ndiyo maana nilisema ni wale watu. Nilitaka iwe ni wao."

Ningeweza kumkumbatia. Huenda mama mwingine angemkumbatia. Mimi damu ilikuwa imenipanda mpaka masikioni, na haikuwa kwa sababu yake, ilikuwa kwa sababu yangu, mimi niliyeukubali upuuzi ule.

"Unamkumbuka baba yako, ile Krismasi?" nikamwuliza.

"Ipi?"

"Alimwaga maji ya kijiji kizima. Boti kumi na nne zikalala kwenye tope, bata mzinga wa watu wanateleza kutoka kwenye oveni. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kuna mtu alimletea fomu? Waliisimulia baa miaka kumi na sita mfululizo. Waliisimulia kwenye mazishi yake, wewe mwenyewe ulicheka mpaka ukakohoa. Selwyn kakausha kidimbwi cha mashindano, wanamnunulia bia. Yule haramia leo asubuhi, nimempigia kelele, kakimbia, basi yameisha. Kosa ni lilelile. Wakifanya wao ni kichekesho, nikifanya mimi ni ugonjwa."

"Wewe umeanguka, Mama. Wewe ulivunjika."

"Niliteleza kwenye barafu. Barafu haikuniuliza umri."

"Mama, mimi siwezi..."

"Ngoja nimalize. Miaka thelathini na moja nimekaa humu. Hakuna mtu, Janine, hata mmoja, aliyepanda ngazi hizi bila kosa. Hakuna. Tunapanda kwa kupigiana kelele. Mimi nampigia haramia, Selwyn ananipigia mimi, mtu nisiyemjua ananipungia mkono kule darajani kuniambia kamba yangu inaburuta. Hivyo ndivyo tunavyoishi hapa, na hivyo ndivyo nilivyokula na kuota moto ile miezi ya plasta. Wewe ukanitengenezea mtihani ambao mtu akiona maji yanamwagika anatakiwa anyamaze. Na mimi, mjinga, nikaukubali. Nilikubali kufanyiwa mtihani kwenye nyumba yangu mwenyewe."

Akajifuta pua kwa mkono wa sweta, mwanamke wa miaka arobaini na tisa.

"Tulikubaliana," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini bado ilikuwa imesimama wima. Huyo ni binti yangu, hashindwi kirahisi, na katikati ya hasira zangu zote nilimpenda kwa hilo. "Ulitoa neno lako. Ulisema ukikosea, au ukiomba msaada, unaweka sahihi. Umekosea, na umeomba."

"Nimekosea na nimeomba."

"Kwa hiyo?"

Nyuma yetu Dunnock ikatoa sauti kwenye tope, ikajinyanyua upande mmoja, kisha upande wa pili, ikakaa sawa juu ya maji. Kutoka ndani nikasikia kabati la juu linajifunga.

Nilikuwa sijawahi kuvunja neno langu kwa mtu yeyote aliye hai. Nililitazama hilo, nikaona ni zito, nikaona pia kwamba mgongo wangu unalibeba.

"Kwa hiyo nimeshindwa mtihani, na siweki sahihi," nikasema. "Siweki leo, siweki Jumatatu. Neno langu nimelivunja, nilaumu, una haki, nishtaki kwa shangazi zako wote. Nitasahau kizibo tena. Pengine mwakani, pengine kesho. Siku moja pengine nitaanguka majini na simu yako italia kabla ya saa moja, na utalia, na mimi nitakuwa nimekufa kwangu. Ukitaka kuja Jumamosi, njoo, na ukiona kitu kiko wazi, piga kelele mpaka mabata waruke. Ukitaka usije, usije. Lakini mimi sihami."

Maji yalikuwa yamefika kwenye mizizi ya matete.

"Na mimi nifanye nini?" akaniuliza.

"Sasa hivi? Sasa hivi usogee, umekanyaga kamba yangu."

Akautazama mguu wake, akasogea.